Simu ya Saa Nane Mchana

Ukiuliza pale Kaaga, mjini Meru, kazi ya Bundi ni ipi, utaambiwa hana. Wanamwona asubuhi akichukua maziwa kwa Makandi, wanamwona jioni akifunga geti, na katikati ya hapo hawamwoni. Mwanamume wa miaka hamsini na minne, mzima wa mwili, anashinda ndani kama mwari. Wapo waliosema anaishi kwa jasho la binti yake aliye Kanada. Wapo waliosema, kwa ulimi mrefu zaidi, kwamba anacheza kamari kwenye kompyuta. Bundi aliyasikia yote na hakujibu hata neno, maana yeye ni mtu wa kuacha mambo yapite. Tabia hiyo, nikuambie mapema, ndiyo iliyomponza.

Kazi alikuwa nayo, tena ya kuumiza kichwa. Kuna kampuni moja Nairobi inayotunza picha za eksirei za hospitali na karatasi za wauzaji wa maua. Kampuni hiyo haina seva zake yenyewe. Imekodi nafasi katika kile wataalamu wanachokiita wingu, na wingu hilo, usidhani liko juu, limegawanywa kanda kanda hapa duniani: kanda moja iko Johannesburg, nyingine Frankfurt, nyingine London. Kutoka Johannesburg kwenda Ulaya kampuni ilikuwa na njia moja ya kupitishia data, upana wake megabiti elfu moja kwa sekunde. Picha za eksirei zilipita humo kwenda Frankfurt kusomwa na madaktari. Karatasi za maua zilipita humo humo kwenda London ili ndege ikitua zikute zimeshafika. Elfu hiyo ilikuwa ya wote wawili. Ukitaka kumwongezea mmoja, lazima kwanza umpunguzie mwenzake, la sivyo mfumo unakukatalia mchana peupe. Bundi alikuwa msimamizi wa upande wa Frankfurt.

Upande wa London ulikuwa wa Marcella, na Marcella alikuwa Gachoka, kule Mbeere.

Mwaka wa kwanza walikuwa wakiandikiana ujumbe. Siku moja Marcella akaandika kwamba ameshusha kiwango chake, Bundi achukue. Bundi wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba akipalilia sukuma wiki, simu ameiacha kwenye kiti, na ujumbe akausoma dakika arobaini baadaye. Muda huo wote nafasi ilikaa wazi, huku picha za kichwa cha mgonjwa mmoja zikijikokota Johannesburg. Mgonjwa alipona, lakini daktari wa Frankfurt aliandika barua yenye maneno makali. Tangu siku hiyo ikatolewa amri: mambo ya kupunguza na kuongeza yasemwe kwa mdomo. Mmoja anataja namba, mwenzake anairudia, ndipo mtu aguse kibodi.

Basi ikawa hivyo. Saa nane mchana, karatasi za maua zikishapungua na eksirei zikianza kumiminika, Marcella alipiga simu. Saa kumi na moja jioni, hospitali zikitulia na maua yakifungwa tayari kwa ndege, Bundi alipiga. Jumatatu hadi Jumamosi, miaka minne. Mimi nilipiga hesabu nikapata zaidi ya simu elfu mbili. Kuna ndoa hazina maneno mengi hivyo.

"Muga, Baba Purity," Marcella angesema. Yeye ni Mmbeere, lakini salamu ya Kimeru alijifunza mwezi wa kwanza tu, na aliitoa vizuri.

"Muga, madam."

"Nimeshusha mpaka mia tatu."

"Mia tatu."

"Haya, chukua."

"Nachukua mia sita. Hiyo mia nimekuachia, usije ukakwama."

"Mia sita. Lakini si uchukue yote, bana? Huku kumetulia."

"Wacha ikae tu. Haiozi."

Na jioni mambo yaligeuka. Bundi akishashusha chake, Marcella naye hakuchukua chote kilichobaki. Alichukua akaacha mia moja, siku nyingine mia moja na hamsini, akisema hiyo ni ya Baba Purity, huwezi jua, pengine kutatokea ajali mahali na picha zije nyingi kwa mpigo. Mtu wa kompyuta yeyote angekuambia huo ni upuuzi. Njia ikiwa ya elfu unaigawa yote, huachi kitu katikati kisicho cha mtu. Lakini hawa wawili hawakuanza maisha kwenye kompyuta. Kwao Bundi, Kanyakine, mama yake hakuruhusu sufuria ikwanguliwe kabla giza halijaingia, kwa sababu huenda mtu akaja. Na huko Mbeere, ambako mvua huja ikipenda, Marcella alilelewa akijua kwamba mtungi haukaushwi. Lazima yabaki maji ya mgeni hata kama wenyewe mna kiu. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Walikutana tu wakiwa na ugonjwa mmoja.

Sasa nikueleze Bundi alivyofika hapo.

Alizaliwa Kanyakine, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa, na alipomaliza shule alipata kazi ya simu, zile simu za waya. Alikuwa mtu wa kupanda nguzo. Kuanzia Nkubu hadi Chuka hakuna nguzo ambayo hakuikumbatia. Alikuwa akifika juu, anabana kifaa chake kwenye waya kusikiliza kama uko hai, na mara nyingi alikuta watu wanaongea: mwalimu mkuu anabishana na mtu wa mbolea, msichana analia, mwanamume anaahidi jambo ambalo sauti yake yenyewe haiamini. Kanuni ilikuwa kusikiliza sekunde mbili na kubandua. Bundi aliifuata kanuni. Alishuka na siri za watu nusunusu, na hakuwahi kumwambia mtu hata moja, isipokuwa mkewe Kaari, na Kaari alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Simu za mkononi zilipokuja, nguzo zikabaki za kukalia ndege, na Bundi akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Wengi walirudi kupanda miwa na ndizi. Yeye akaenda mjini Meru kurekebisha kompyuta za watu, akasoma vitabu vya mitandao, akafanya mitihani na vijana ambao wangeweza kuwa watoto wake. Walimwita mzee, naye akawapita wote. Kaari alikuwa mwalimu wa darasa la pili; alikitundika cheti cha mumewe sebuleni juu ya runinga, na kila mgeni aliyekuja alilazimika kukisoma kabla ya chai.

Kaari alikufa miaka mitano iliyopita. Figo. Walikwenda hospitali wiki mara mbili kwa miezi kumi na minne, na siku moja Bundi akarudi peke yake. Purity alikuja kutoka Kanada akakaa majuma matatu, akaosha mapazia yote, akarudi. Siku hizi hupiga kila Jumapili baada ya ibada. Ni binti mwema. Lakini kule kwake ni asubuhi, watoto wanataka kuvalishwa, na mara nyingi Bundi huona kwenye skrini paji la uso wake na dari.

Nisizunguke: Bundi alikuwa mpweke. Si upweke wa kulia. Ni ule wa kupika sufuria ndogo na bado chakula kinabaki, wa kuwasha runinga ili kuwe na mtu anaongea. Siku nyingine, ukiondoa salamu za asubuhi kwa Makandi wa maziwa, watu wa kwanza na wa mwisho kusikia sauti yake walikuwa Marcella saa nane na Marcella saa kumi na moja. Na nikuambie kitu ambacho yeye hawezi kukuambia. Saa nane ikikaribia alikuwa akivua fulana ya kushindia na kuvaa shati. Simu ya sauti tu, isiyo na picha! Alivaa shati, akafunga vifungo, akachana na nywele ambazo hazikuwa nyingi, akakaa kungoja.

Bundi alimjua Marcella kwa masikio. Alijua ana miaka arobaini na saba, kwamba hakuolewa, kwamba alikuwa na kazi nzuri Nairobi mpaka mama yake alipopata kiharusi na ndugu zake wote wakagundua ghafla kwamba wana shughuli. Akarudi Gachoka na kompyuta yake. Bundi alijua mbuzi wake walivyolia, upepo ulivyopiga mabati yake, na kijiko alichogonga mama yake kwenye kikombe alipotaka kugeuzwa kitandani. Namba zilichukua dakika moja. Zilizobaki nne au tano walizungumza yaliyokuwapo: huko kwenu imenyesha? Mama amekula? Hizo parachichi zimeiva? Mjukuu ametembea? Hakuna siku walisema jambo ambalo ungelikataza lisisikike kanisani.

Na hawakuwahi kuonana. Watu wawili waliokuwa wakigawana njia ya kwenda Ulaya kila siku ya Mungu, na kati yao ni saa nne tu za barabara. Mwaka jana Bundi alikwenda Embu kuzika mwenzake wa enzi za nguzo. Saa nane ilimkuta nyuma ya kanisa, kompyuta ameiweka juu ya boneti ya gari la mtu. Kutoka hapo hadi Gachoka angefika kabla chai haijapoa.

"Nasikia kwaya," Marcella alisema. "Uko wapi leo?"

"Niko mahali, kwa mazishi."

"Pole sana, Baba Purity. Mahali mbali?"

"Si mbali sana," Bundi akasema, kisha akataja mia sita.

Hapo ndipo nilipotaka kumchapa kofi. Si mbali sana! Alisema hivyo, akafunga kompyuta, akapanda gari la kurudi Meru. Aliniambia baadaye kwamba hakutaka kumsumbua mtu mwenye mgonjwa. Labda. Mimi naona alikuwa akimwachia yeye aseme karibu, na Marcella hangeweza kumkaribisha mtu ambaye hajui yuko wapi.

Basi mwaka huu, Jumanne moja ya mwezi wa Mei, mkuu wao wa kazi akaitisha mkutano kwenye kompyuta saa nne asubuhi. Jina lake ni Oscar, kijana mwenye heshima, hujawahi kumsikia akipaza sauti. Aliwaonyesha mchoro. Rangi ya bluu ilikuwa ya Frankfurt, ya kijani ilikuwa ya London, na katikati, tangu mwanzo hadi mwisho, palikuwa na mstari mweupe.

"Mzee Bundi, Madam Marcella," Oscar alisema, "nisaidieni hapa. Hii nyeupe ni nini?"

Bundi aliutazama mstari ule, akauona kwa mara ya kwanza kama wanavyouona watu wengine. Miaka minne iliyolazwa chini, myembamba, myeupe.

"Ni kama mia moja na hamsini kila siku," Oscar akaendelea. "Hakuna mtu anatumia. Na huku madaktari wanalalamika picha zinachelewa. Nimejaribu kuelewa nimeshindwa."

"Ni ya dharura," Marcella alisema taratibu.

"Sawa, lakini dharura ikija, mmeshawahi kuitumia?"

Walifikiri. Hawakuwahi. Mara mbili picha zilipozidi kweli, Bundi alikuwa ameona aibu kuigusa, kwa kuwa alikuwa amesema ni ya Marcella, na Marcella aliiona imekaa akadhani Baba Purity ataichukua. Jambo hilo halielezeki kwa kijana wa Nairobi, kwa hiyo hawakulieleza.

Oscar hakuwagombeza. Alisema tu kwamba kampuni nyingi sasa zinaacha programu ndiyo igawe: inaangalia nani ana mzigo, inapunguza huku, inaongeza kule, kila dakika, bila mtu kupiga simu. Kisha akasema jambo ambalo alidhani ni sifa. "Mzee Bundi, hizi namba ziko kwa kichwa yako kuliko mtu yeyote. Wewe ndio utaiandika. Wiki tatu zinatosha?"

Bundi akasema zinatosha.

Hakuna aliyefukuzwa kazi, usije ukadhani. Kazi zilikuwapo nyingine tele na mshahara ulibaki pale pale. Kilichokuwa kinaondoka ni simu mbili kwa siku, basi. Angemwambia nani kwamba hicho ndicho kilikuwa kila kitu? Angeandika barua kwa Oscar aseme nini?

Akaanza kuandika. Ni programu fupi, mtu mwenye akili zake angeimaliza kwa siku nne. Yeye alitumia siku kumi na saba. Kila saa nane aliacha, akavaa shati, simu ikalia, mia tatu, mia sita, kisha akarudi kuandika kile kitakachoiua simu hiyo. Marcella alijua. Hawakulizungumzia. Siku moja tu aliuliza, "Inaendelea vizuri hiyo kitu?" na Bundi akasema inaendelea, na wote wawili wakahamia kwenye ndengu za Mbeere, ambazo mwaka huu zilikuwa zimekauka kabla ya kufunga mbegu.

Siku ya kumi na mbili alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Aliandika mstari mmoja mbaya kwa makusudi. Aliujua ubaya wake vizuri: programu ingefanya kazi siku tano, sita, kisha ingechanganyikiwa na kugawa ovyo. Wangeirekebisha, ingeharibika tena. Baada ya miezi miwili Oscar angechoka na kusema, jamani rudini kwenye simu. Hakuna ambaye angegundua. Bundi aliutazama mstari ule tangu saa tatu asubuhi hadi kengele ya shule jirani ilipolia kwa chakula cha mchana. Alifikiria kichwa cha yule mgonjwa, zile picha zikijikokota Johannesburg. Akafikiria kama ingekuwa ni figo za Kaari zilizokwama huko. Akaufuta. Kisha akaenda nje, akasimama karibu na mgomba, na hakurudi ndani mpaka simu ya saa nane ilipolia, na siku hiyo aliipokea akiwa na fulana.

Hata hivyo aliweka kitu kimoja. Katika programu yenyewe aliandika kwamba, hata mizigo iwe mikubwa vipi pande zote, mia moja isiguswe. Oscar aliisoma kazi yake, akaisifu, akapiga simu.

"Mzee, ni safi kabisa. Swali moja tu. Hii mia moja ni ya nini?"

"Ya akiba."

"Akiba ya nani?"

Bundi alitafuta jibu. Mtu akija, angesema. Lakini nani aje, kwenye waya ulio chini ya bahari? "Itoe tu," alisema. "Itoe, haina shida."

Simu ya mwisho ilikuwa Jumamosi saa kumi na moja jioni, na aliyepaswa kupiga ni Bundi. Tangu asubuhi alijiambia leo nitasema kitu. Alisema, "Nimeshusha mpaka mia tatu," Marcella akasema, "Mia tatu. Nachukua mia saba." Kwa mara ya kwanza Marcella alikuwa amechukua yote.

"Mia saba," akarudia.

"Ndiyo wanavyotaka, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Haya basi, Baba Purity. Ulinifanyia kazi vizuri. Asante."

"Asante wewe, madam. Salimia mama."

"Atasikia."

Dakika mbili, simu ya miaka minne ikaisha. Bundi alikaa akitazama simu, kwa hasira. Alijikasirikia yeye mwenyewe, akamkasirikia Oscar, akamkasirikia na Marcella kidogo, kwa sababu ya ile mia saba. Hakujua kwamba hasira yake ingepoa haraka na kitakachobaki kingekuwa kibaya zaidi.

Jumatatu programu ikaanza, na ilikuwa hodari. Saa nane ilipofika, Bundi alikaa mbele ya kompyuta akaona namba zinajisogeza zenyewe: London ikashuka, Frankfurt ikapanda, dakika moja baadaye tena, na tena, bila neno. Mstari mweupe ulitoweka. Madaktari wa Frankfurt waliandika kushukuru. Oscar alituma ujumbe kwa wafanyakazi wote akimtaja Mzee Bundi kwa jina, na watu wasiomjua wakampongeza kwa vidole gumba. Marcella pia aliweka kidole gumba. Bundi alikitafuta kati ya vidole ishirini na tatu mpaka akakipata.

Wiki hiyo alikaa siku mbili nzima bila kutamka neno zaidi ya salamu. Aligundua siku ya tatu, alipomwuliza Makandi kama maziwa yataongezwa Ijumaa na sauti ikatoka na mikwaruzo. Makandi akamwuliza kama ana mafua. Akasema ndiyo, ni hii baridi ya Meru.

Wiki ya pili akaamua. Wala hakuwa na sababu ya kupiga, na hilo ndilo lilimtesa. Simu elfu mbili, na zote zilikuwa na sababu. Alitafuta nyingine. Angeuliza habari za ndengu? Aliuliza mwezi uliopita. Angesema anapita Embu? Atapita akienda wapi? Mwishowe akaona aseme ukweli tu: Nimepiga kukusalimia. Maneno mawili. Aliyasema jikoni akikoroga uji, akayasema akioga, akajaribu kuyasema kama mtu asiyejali, kisha kama mtu anayejali kidogo. Unacheka. Mimi sikucheka aliponiambia.

Jumatano, saa nane ilipita kwa dakika kumi. Alivaa shati. Alipiga.

Haikulia mara mbili.

"Baba Purity!" Marcella alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia kutoka uwanjani. "Kuna shida? Hiyo sistemu imeanguka?"

"Muga, madam."

"Muga. Imekataa, ama? Nilijua tu. Ngoja nifungue kompyuta, niko hapa hapa. Nipee namba."

Mtu aliyesikiliza nyaya kwa miaka kumi na mitano hahitaji sekunde mbili. Bundi alisikia furaha ile, nzima nzima, isiyofichwa. Alisikia kompyuta ikifunguliwa na kiti kikivutwa. Kule Gachoka kulikuwa na mtu ambaye kwa karibu wiki mbili alikuwa ameombea kitu kiharibike.

"Hapana," akasema. Hakuweza kumdanganya. "Haijaanguka. Inafanya kazi vizuri sana."

"Ah."

Kule Gachoka kompyuta ikafungwa.

"Vizuri basi," Marcella akasema. "Ni vizuri."

Sasa ilikuwa zamu ya Bundi. Maneno alikuwa nayo, mawili tu, yamesafishwa kwa siku kadhaa. Mbuzi mmoja alilia kule, akanyamaza. Marcella alikuwa amemwachia nafasi. Na Bundi aliiona nafasi hiyo jinsi ilivyo kubwa, akaona jinsi yeye alivyo mtu mzima, mgane, mwenye shati safi mchana wa Jumatano, na aibu ikamshinda.

"Ni simu tu," akasema. "Imejipiga. Nilibonyeza vibaya."

"Oh. Hakuna shida, Baba Purity. Hutokea."

Bundi hakukata. Alikuwa anangoja akate yeye kwanza, kama ilivyo adabu, na Marcella naye hakukata. Kutoka chumba cha ndani kule Gachoka, sauti ya kike iliyopinda kwa kiharusi ikauliza ni nani huyo anapiga.

"Si mtu, mama," Marcella akamjibu. "Ni simu imejipiga."

Hata hapo hakukata. Bundi aliisikia pumzi yake, karibu sana na sikio, na yeye akaizuia yake asije akasikika kwamba bado yuko. Mama akaita tena, na mara hii simu ikakatwa.